Nondo Aliyenukia Nyumbani

Paukwa!

Pakawa!

Wekeni simu zenu chini kidogo, nyinyi mnaobishana ya nani haiingiwi na virusi. Jibu ninalo, limelala ndani ya mzinga.

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa ukilala bondeni mpaka adhuhuri, palikuwa na mizinga miwili. Mmoja kwenye mvule, mmoja kwenye mkuyu. Ndani ya nta walilala majana, watoto wa nyuki, wakiota maua ambayo hawajayaona.

Mzinga wa mvule ulikuwa na mlango mmoja. Mlinzi wake, Mwanasha, alimnusa kila aingiaye. Nusa, nusa, pita. Nusa, nusa, rudi.

Mzinga wa mkuyu ulikuwa na milango saba. Aliyetaka aliingia, na chavua ya ua lolote. Mlinzi wake, Siwema, aliruka mlango hadi mlango. Vuu, vuu, hatui.

Walinzi hao wawili walikuwa ndugu wa mama mmoja. Wakikutana mtoni, hutaniana.

"Dada Siwema, kwenu ni nyumbani au sokoni?"

"Na kwenu, Mwanasha? Nasikia hata kupiga chafya mnaomba ruhusa."

Siku moja akaja Nondo, kipepeo wa usiku. Nondo hutaga mayai kwenye nta. Mayai huwa viwavi, viwavi hula nta, na majana hufa usingizini.

Akabisha mkuyuni. "Hodi. Nina chavua tamu, ya bure."

Nyuki mmoja mlafi akamkaribisha. Nondo akataga, viwavi wakala. Kru, kru, kru. Sega zima likaanguka, na majana wake wote.

Siwema akalia. Kisha akawaita wenzake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, wakakagua masega, wakatupa viwavi, wakaziba nyufa kwa gundi ya miti. Nondo akarudi, wakamtoa. Akarudi tena, wakamtoa.

Siwema akaruka hadi mvuleni. "Mdogo wangu, Nondo yuko bondeni. Kagueni ndani."

"Ndani kuna nini, dada? Mlango ni mmoja, na mimi nipo."

Chini ya mvule palianguka kipande cha nta kutoka mzingani. Nondo akakilalia, akajigaragaza, akanukia nyumbani. Akaenda mlangoni taratibu.

Nusa, nusa, pita.

Aliingia mara moja tu. Lakini huko ndani hapakuwa na mtu wa kutazama. Kru, kru, kru. Nyuki wakasema ni matone ya ukungu, wakasinzia.

Siwema alipopita, akaweka sikio kwenye gome.

"Mwanasha, hayo si matone."

Wakafungua. Masega sita yalikuwa vumbi. Lilibaki moja, na majana kumi wakipumua polepole.

Mwanasha hakujitetea. "Nianzie wapi, dada?"

Siwema akampa tone la gundi. "Ufa huu hapa. Kesho, ule pale."

Wakatupa viwavi, wakaziba pamoja, vuu, vuu, mpaka ukungu ukainuka. Majana kumi wakaamka wakiwa nyuki, wakayaona maua.

Mlango mmoja huzuia wengi kuliko milango saba, huo ni ukweli. Lakini mlango, hata uwe mwembamba vipi, haukagui nyumba. Simu yako iwe ya mvule, yenye duka moja la programu, au ya mkuyu, yenye mengi, usimfungulie mleta vya bure, na ikikuomba uzibe ufa kwa kuisasisha, ziba leo.

Hadithi yangu imetua hapo, kama nyuki juu ya ua.