Mikono ya Skolastika

Mtu mmoja alikuwa na ulimi uliosifika kijiji kizima. Jina lake Bukuru, mpishi wa sabuni ya mawese, na kazi hiyo aliianza kabla hajaota ndevu. Aliipika sabuni motoni mpaka ikashikana kama ugali, kisha akachota kidogo, akaifikicha kati ya vidole na kuigusisha kwenye ncha ya ulimi. Magadi yaliyotiwa kwenye mafuta yakiwa bado makali, sabuni inakupiga ulimi kama betri ya redio. Yakiwa yamekwisha kuungana na mafuta, husikii kitu. Wapishi wengine walipima mara tatu, hata mara nne, wakiwa na wasiwasi. Bukuru aligusa mara moja tu, akatangaza kwamba imeiva, na watu wakabaki midomo wazi.

Hakuna aliyefikiria kwamba ulimi unaopigwa namna hiyo kwa miaka arobaini huchoka. Haukufa siku moja. Kila sufuria ilichukua kidogo, na Bukuru, kila alipoona ukali unapungua, alijipongeza kwamba sasa kazi ameijua hasa. Watu walinunua sabuni yake, wakafulia, nguo zikatakata. Nani angelalamika?

Basi siku moja habari zikaja: binti yake Winifrida, aliyengoja mtoto miaka tisa, amejifungua! Bukuru alirukaruka uani na nywele zake nyeupe, hana habari na anayemtazama. Akaapa kwamba mjukuu akifika nyumbani ataogeshwa kwa sabuni ya babu yake, si nyingine. Akachagua mawese mazuri kuliko yote, akayachuja mara mbili, akakoroga huku anaimba, jasho linamtiririka, na kila aliyepita njiani alisimamishwa aambiwe uzito wa mtoto. Sabuni ikashikana. Akagusa ulimi. Kimya kabisa! Machozi ya furaha yakamlenga. Akaimimina, ikaganda, akaikata, akachagua kipande kimoja na kukilainisha pembe zake zote kwa kisu.

Winifrida akafika na mtoto. Jamaa wakajaa uani, beseni la maji ya vuguvugu likatengwa, mtoto akavuliwa nguo. Bukuru akasogea na kipande chake mkononi, uso wote meno.

Hapo mkewe, Skolastika, akasimama kati yake na beseni. Mama huyu ndiye aliyefua nguo za nyumba ile kwa sabuni ile miaka yote, na miaka yote alijiambia kwamba ngozi yake ndiyo dhaifu. Alinyamaza kwa kumpenda mumewe, na kwa kuogopa kuwa mtu pekee wa kusema tofauti na kijiji. Lakini ngozi iliyokuwa mbele yake sasa ilikuwa na siku sita tu duniani. Akakunjua viganja vyake vilivyopasuka, vyekundu kwenye mikunjo, akavileta mbele ya macho ya mumewe.

"Baba Winifrida, ulimi wako umekwisha kufa ganzi; sabuni yako ipime kwenye mikono hii."

Bukuru alivitazama viganja vile, na uchungu ukamchoma, kwa sababu kila siku alipokea chakula kutoka mikononi humo na hakuwahi kuitazama. Angeweza kugomba. Angeweza kuitupa sabuni yote na kususa. Yeye alikimbilia jikoni! Akavikata vipande vyote vidogo vidogo, akavirudisha kwenye sufuria na maji kidogo, akaongeza kata moja ya mawese, akakoroga. Safari hii alimpa mkewe aonje. Skolastika akaruka: bado inapiga. Bukuru akaongeza mafuta. Bado. Akaongeza tena, sasa kwa hofu, yakazidi, sabuni ikawa utelezi mtupu usiotoa povu, na ikambidi arudishe maji ya magadi, tone kwa tone. Hakuona haya kuuliza kila mara. Jua lilikuwa limeshapinduka Skolastika alipogusisha ulimi tena, akangoja, akangoja zaidi, kisha akaangua kicheko.

Vigelegele vikapigwa kabla hata hajasema neno! Sabuni ilipopoa na maji kupashwa tena, mtoto akatiwa majini, povu likamfunika tumbo, akanyoosha miguu na kusinzia mikononi mwa bibi yake. Bukuru alilia mbele za watu wote na hakujifuta.

Mpaka leo anapika sabuni, na hatangazi kuwa imeiva mpaka mkewe aonje. Nawe ndugu yangu, unayesema kwa moyo mweupe kabisa kwamba humuumizi mtu, mikono ya watu unaoishi nao uliitazama lini?