Breki za Mbao

Wahenga walipotuambia tusiandikie mate na wino ungalipo, hawakuwa wakiwasuta waandishi peke yao. Walimlenga kila mtu ambaye ukweli uko mbele ya macho yake, lakini yeye anauacha hapo ulipo na kujitungia wake kwa kukisia. Wapo wanaokisia kwa uvivu, na wapo wanaokisia kwa sababu wamezoea kupatia. Hao wa pili ndio wagumu kufundishika, na Fundi Sikio alikuwa mmoja wao.

Jina hilo alilipata gerejini. Gari likiingia, hata kabla halijazimwa, yeye huwa amelala chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo inayoonekana, na sauti yake inatoka huko huko: "Huo mkanda umelegea." Boneti ikifunguliwa, mkanda umelegea kweli. Wateja walimsifu, mwenye gereji akavimba kichwa kana kwamba sikio ni lake, naye Sikio mwenyewe, binti wa watu, akaamini kwamba kupatia na kufikiri ni kitu kimoja.

Injini za aina moja tu hakuwahi kuzitegea sikio, nazo ni za ndege. Ndege zilipita juu ya paa la gereji kila siku, naye aliweka spana chini akazitazama mpaka zikapotea. Alitaka kuingia chuo cha mafundi wa ndege kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Chuo hicho kilimruhusu mtu kufanya mtihani wa kuingia mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza hesabu alizimaliza kama anayemenya ndizi, kisha akaja kuangukia pua katika sehemu ya hoja.

Hoja zenyewe zilikuwa fupi. Mtahiniwa alipewa kauli mbili na hitimisho, akaambiwa azichukulie kauli hizo kuwa ni kweli, kisha aseme kama hitimisho linafuata au halifuati. Swali moja lilisema hivi: breki zote zimetengenezwa kwa mbao, lori hili lina breki, basi breki za lori hili zimetengenezwa kwa mbao. Fundi Sikio alitia alama ya "halifuati" kwa hasira hadi karatasi ikatoboka, na pembeni akaandika: "Breki za mbao zitaua watu."

"Mke mwenza," bibi yake alimwambia alipohadithiwa, huku akicheka mpaka machozi, "nani alikuuliza habari za maiti?"

Bibi huyo ndiye aliyemlea. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na ulimi wake ulinyoa bila maji.

"Lakini Bibi, breki za mbao hazipo."

"Najua hazipo. Hata hakimu wangu alijua mengi ya mtaani, lakini hakuhukumu kwa aliyoyajua. Alihukumu kwa yaliyoletwa mbele yake. Wewe umeletewa kauli mbili. Hizo ndizo wino wako. Hayo mengine unayoyatoa kichwani ni mate."

Fundi Sikio aliitikia kwa adabu, lakini neno hilo halikumwingia hata kidogo. Sikio la kufa halisikii dawa, hata liwe hodari namna gani.

Wiki chache kabla ya mtihani wa pili, mkunga mmoja alileta gari lake likilia kwenye gurudumu la mbele, mlio wa chuma kinachosagwa. Alisema ana zamu mchana huo. Fundi Sikio alikuwa anakunywa chai, wala hakusimama.

"Beringi hiyo," alisema.

"Una hakika, mdogo wangu? Hujaitazama."

"Dada, kila gari lenye beringi mbovu hulia hivyo. Lako linalia hivyo. Unataka nini zaidi?"

Mkunga alimkabidhi ufunguo, maana nani angebishana na Sikio? Beringi ikang'olewa kwa nyundo na jasho. Muda ukaenda, na mkunga akaacha kukaa, akawa anazunguka zunguka mlangoni. Beringi ilipotoka ilikuwa nzima, inateleza kama iliyonunuliwa jana. Ndipo kijiwe kidogo kikadondoka sakafuni. Kilikuwa kimenasa kati ya diski ya breki na bati linaloikinga, na kingetolewa kwa ncha ya bisibisi kama fundi angeinama tu kutazama.

Mkunga alikiokota, akakiweka kiganjani mwa fundi, akaondoka kwa miguu kuwahi zamu. Gari lake likabaki juu ya jeki. Fundi Sikio aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Jioni alikiweka kijiwe mezani mbele ya bibi yake, akaeleza kila kitu pamoja na maneno aliyomjibu mkunga. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akagonga meza kwa kidole.

"Mbwa wote wana miguu minne," alisema. "Meza hii ina miguu minne. Nenda kalete mnyororo tuifunge, isije ikang'ata wageni."

Fundi Sikio alicheka, kisha akaacha ghafla. Aliitazama meza, akakitazama kijiwe. Beringi mbovu hulia hivyo, ni kweli, lakini nani alisema kwamba kila kinacholia hivyo ni beringi? Hakuna aliyesema. Neno hilo alikuwa ameliongeza mwenyewe.

"Bibi," alisema taratibu, "nifundishe tena. Safari hii nitasikiliza."

Basi wakaanza. Kila jioni, wakati wa kuosha vyombo, bibi alitunga kauli za ajabu ajabu: samaki wote wanajua kushona, majirani wote ni samaki. Mjukuu ilimbidi azimeze bila kukunja uso, kisha aseme majirani wanajua nini. Akikosea, alisugua sufuria yeye; akipatia, aliisugua bibi. Mwanzoni alisugua sufuria zote. Baadaye bibi akaanza kulalamika kwamba mikono yake inachubuka.

Gerejini nako mambo yakabadilika: hakutaja tena ugonjwa wa gari kabla ya kuinama kulitazama. Mwenye gereji alimtania, "Vipi, sikio limeziba?" Naye akajibu, "Linasikia, bosi. Siku hizi linatembea na macho."

Siku ya mtihani ikafika, na swali la mwisho likamkuta pabaya. Kila injini iliyoishiwa oili hupata joto kupita kiasi. Injini hii imepata joto kupita kiasi. Basi injini hii imeishiwa oili. Mikono ilimwasha. Miaka yote ya gereji ilimnong'oneza kwamba ndiyo, ni oili, imekuwa oili mara nyingi mno. Aliingiza mkono mfukoni, akakishika kile kijiwe. Akaikumbuka meza yenye miguu minne. Akatia alama: halifuati.

Matokeo yalipotoka, mkuu wa mitihani, mama wa makamo mwenye miwani, alimwita ofisini.

"Wewe ndiye uliyetuandikia kuhusu breki za mbao?"

"Ndiye mimi, mama."

"Safari hii tulikuletea ndege zenye mabawa ya karatasi, ukakubali hitimisho letu bila ubishi."

"Sikuulizwa kama ningezipanda."

Mama yule alicheka kwa sauti, akamsogezea karatasi. Katika sehemu ya hoja hakukosa hata swali moja, na hakuna mtahiniwa mwingine aliyeweza hilo. Nafasi ya chuo ilikuwa yake. Fundi Sikio alitoka pale miguu haikanyagi chini, na ndege ilipopita juu aliipungia mkono kama anayemuaga jirani wa muda mrefu.

Nyumbani alimkuta bibi yake amesimama mlangoni.

"Bibi, nimerudi natabasamu. Waliofaulu wote wanatabasamu. Unahitimisha nini?"

Macho ya bibi yalikuwa yameshajaa machozi ya furaha, lakini alinyoosha mkono, imara kama siku zile za mahakamani.

"Sihitimishi kitu, mke mwenza. Lete karatasi niisome."

Aliisoma mstari kwa mstari mpaka chini. Kisha akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani wote nje, na hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kukisia kumetokea nini. Usiandikie mate na wino ungalipo.