Mwiba wa Mwaja Usioonekana

Si kila kisigino kiumacho kina mwiba. Methali hii ilianza hivi, nanyi mnaocheka nyamazeni kwanza, maana aliyeumia hakucheka.

Katika nchi ya migunga, ambako miiba ni mingi kuliko majani, kila mwanamume alivaa shingoni kibano cha chuma cha kung'olea miiba, na kila mwanamume alijiona fundi wa miguu. Mwaja, mke wa Chilongani, alipoanza kuchechemea, hakuna aliyemuuliza neno. Mumewe alimkalisha chini, akachokoachokoa kisigino, asione kitu. Akaja Ndahani, nduguye Chilongani, akachokoa. Wakaja majirani. Kila apitaye njia aliuvuta mguu wa mke wa mtu kama anayechagua muhogo, akatoboa, kisha akasema, "Umezama sana huu." Mwaja aliuchoka mguu, na hao mafundi akawachoka zaidi.

Kisigino kikawa vidonda vitupu. Mvua nazo zilikaribia, na asiyeweza kusimama hapandi. Watoto wangekula nini? Ndipo Ndahani akatia kisu motoni, aupasue mguu, mwiba utoke utake usitake. Bi Nyemo, shangazi wa Chilongani na Ndahani aliyejua kuunga mifupa, alikuwa amefika kuwajulia hali.

Mwaja alipokiona kisu, uvumilivu ukamwishia.

"Shemeji, weka chini hicho! Tangu mwezi uandame mnanitoboa kama chujio, na hata mmoja wenu hajaniuliza naumwa vipi!"

"Haya, mwanangu, unaumwa vipi?" akauliza Bi Nyemo.

"Nikiamka asubuhi nikakanyaga chini, roho inataka kutoka. Nikitembea kidogo, panapoa. Nikikaa kisha nikainuka, yale yale. Mwiba gani huo unaolala na kuamka?"

Bi Nyemo akabonyeza katikati ya wayo; Mwaja akatulia. Akabonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani. Mwaja akapiga yowe.

"Kabla hujaanza kuumwa ulikuwa na kazi gani?"

"Kukanyaga udongo wa nyumba mpya ya mume wangu. Peku, juu ya mwamba, kutwa nzima."

Bi Nyemo akawageukia wanaume. "Hamna kitu humu. Mshipa wa wayo umevutwa mno pale unaposhikana na kisigino. Vidonda hivi ni vyenu nyinyi. Apumzike, avae makubazi, na kila asubuhi aunyooshe mguu kabla hajashuka kitandani. Mkiacha kumtoboa, mvua itamkuta shambani."

Ndahani alikuwa bado ameshika kisu chake. "Kwa hiyo mwiba tunauacha humo humo?"

Chilongani alikitazama kisigino cha mkewe, aibu ikamjaa, hasira nayo ikampanda.

"Mwiba gani, Ndahani? Mimi ndiye niliyemkanyagisha udongo, kisha nikamtoboa kwa kosa langu mwenyewe! Zima moto huo, twende tukaukanyage udongo sisi wenyewe. Si kila kisigino kiumacho kina mwiba."