Mshale wa Oili na Kiti cha Kushoto

Kaeni vizuri mnisikilize. Kusimulia ni kazi yangu, lakini kuamua nitawaachia nyinyi.

Mkoani Mbeya walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Wa kwanza aliitwa Subilaga, mama mtu mzima aliyejaliwa masikio. Ujana wake aliumalizia kwenye mashindano ya magari, akikaa kando ya kaka yake Ambakisye na kumsomea kona za njia. Hata sasa ambapo macho yake yameanza kufifia, lori likipita barabarani anaweza kukuambia ni mashine nzima au ni mgonjwa.

Wa pili aliitwa Nsajigwa, fundi wa mitambo ya mvuke katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Tukuyu. Kipaji chake kilikuwa kutoamini. Ukimwambia uji ni wa moto, atakigusa kikombe kwanza. Alichokipima mwenyewe ndicho kilichokuwa kweli kwake, na alichokipima hakuna aliyewahi kukipinga.

Wa tatu aliitwa Lusajo, fundi umeme wa magari mwenye gereji yake Mabatini. Huyu alikuwa na vidole vyembamba na subira ya ajabu. Aliweza kuufuata waya mmoja kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma bila kuinua kichwa.

Aliyewakutanisha ni Atuganile, mwalimu wa udereva, binti wa marehemu Ambakisye. Atuganile alikuwa mtu asiyetulia. Chai aliinywa amesimama, na ukimkaribisha kiti hukaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Baba yake alipofariki alimwachia gari lake la mashindano, gari la viti viwili, la kijani, lenye pua ndefu na muungurumo mzito. Hakumwachia Nsajigwa, ambaye ni mtoto wake wa kwanza kwa mama mwingine, na ambaye tangu utotoni ndiye aliyekuwa akiliosha gari lile. Nsajigwa hakusema neno msibani. Aliondoka matanga yalipoanuliwa, na tangu siku hiyo hakumpigia dada yake simu wala kukanyaga kwake.

Basi mwaka huo Atuganile akajiandikisha katika mbio za kupanda mlima, zile za barabara ya Chunya, ambako kila gari hupanda peke yake na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Baba yake alizipenda mbio hizo kuliko kitu kingine, na tangu azikwe gari lake halijaonekana pale. Mji mzima ulikuwa unalisubiri.

Wiki ya mbio ilipoanza, alitoka asubuhi kwenda kujaribu njia. Alipofika kwenye mwinuko mkali, akikanyaga mafuta kupanda, akautupia jicho mshale unaoonyesha presha ya oili ya injini. Kwa kawaida ulisimama katikati. Sasa ulikuwa unatetemeka. Kona iliyofuata ukaanguka hadi sifuri na kulala pale.

Injini isiyopata oili hujila yenyewe kwa muda mfupi sana, na injini ya namna ile haitengenezwi tena popote. Ikifa, gari la baba limekwisha. Alizima papo hapo akaegesha kando, ukungu ukimpita usoni. Akasubiri. Akawasha. Mshale ukapanda katikati kana kwamba hakuna kilichotokea. Akaondoa gari polepole, akafika kwenye mwinuko, mshale ukaanguka tena. Hakujaribu mara nyingine. Aligeuza, akaserereka hadi mjini huku injini imezimwa kila palipowezekana.

Alilipeleka kwa Lusajo, rafiki yake tangu shule, aliyekuwa akilihudumia gari hilo siku zote. Watu wa gereji za jirani wakasogea kutazama. Atuganile alizunguka gari, akafungua boneti, akaifunga, akaifungua tena. Kisha akasema mbele ya wote:

"Kanuni zinataka watu wawili ndani ya gari. Atakayenituliza kuhusu mshale huu, ndiye atakayekaa kushoto siku ya mbio."

Neno hilo alilitamka kwa wasiwasi, bila kulipima. Lusajo alilisikia vizuri. Kila mwaka alikuwa akisimama kando ya barabara ya Chunya kutazama magari yaliyopona mikononi mwake yakipita, na hajawahi hata mara moja kukaa ndani ya mojawapo likiwa mbioni.

Lakini Lusajo alikuwa mkweli. Alisema mshale ukianguka hivyo, salama ni kuamini kwamba oili kweli haifiki, na injini lazima ifunguliwe. Ikifunguliwa, mbio za mwaka huu basi. Atuganile aliitikia kwa kichwa. Lusajo akachukua spana na kuanza kulegeza boliti.

Ndipo Subilaga alipofika kwa bajaji, habari zikiwa zimemfikia sokoni. Hakuuliza mengi. Aliomba injini iwashwe. Lusajo akamjibu kwa adabu kwamba kuwasha injini isiyo na oili ni kuimalizia. Shangazi akarudia ombi lake, kidogo tu, kwa muda wa pumzi chache. Atuganile alisimama katikati yao akiuma kucha, mara amtazame huyu mara yule. Mwishowe akakaza mwenyewe boliti zilizolegezwa, akaingia ndani, akawasha.

Subilaga alichukua mpini wa ufagio, ncha moja akaigusisha kwenye chuma cha injini, nyingine akaiweka sikioni. Akauhamisha chini, akauhamisha nyuma, macho ameyafumba. Kisha akaashiria izimwe.

"Oili ipo," alisema. "Ingekosekana, ningesikia vyuma vya chini vikigongana. Hii inapumua kama alivyoiacha kaka yangu. Msiifungue."

Lusajo akarudisha spana sandukuni. Hivyo ndivyo injini ilivyobaki nzima.

Je, Atuganile alitulia? Alitulia mpaka jioni. Kulipokucha alikuwa tena anazunguka gari. Alijiambia kwamba shangazi ana masikio, sawa, lakini aliisikiliza injini ikiwa imesimama, na mshale huanguka ikipanda mlima. Akanunua swichi mpya ya oili, kile kidude kilichofungwa kwenye injini kupima presha na kuutumia mshale habari kwa njia ya waya. Lusajo akaifunga. Wakaenda hadi mwinuko wa kwanza tu, mshale ukaanguka vilevile. Atuganile alirudi amesawajika. Hakula mchana ule. Akashika simu, akaiweka, akaishika tena, na hatimaye akampigia mtu ambaye hakutarajia kumpigia.

"Kaka, ni mimi. Una geji inayoweza kupima presha ya oili, isiyotumia umeme?"

Nsajigwa akauliza kama ni gari lile. Akajibiwa ni lile.

"Nakuja," alisema. "Lakini siji kwa ajili yako."

Alikuja na pikipiki, na geji ya shaba ndani ya koti. Hakumsalimu mtu ila shangazi yake. Alitengeneza kiungo chenye matawi mawili akakifunga kwenye injini, tawi moja likabeba swichi ya oili na la pili likabeba mpira wa geji yake, ili presha ileile isomwe na wote wawili. Alipima injini ikiwa baridi, ikawa sawa. Hakuridhika. Akaiacha ichemke, akapima tena, sawa. Hakuridhika bado. Alisema ugonjwa hupimwa pale unapouma, na huu unauma mlimani. Akaifunga geji ya shaba nje ya kioo cha mbele, mahali ambapo dereva ataiona. Atuganile akamfungulia mlango wa kushoto.

"Sipandi," alisema Nsajigwa, akawasha pikipiki.

Wakapanda, pikipiki ubavuni mwa gari. Kwenye kona ileile mshale wa ndani ukaanguka sifuri. Ya shaba, pale kioo cha mbele, haikutikisika. Atuganile alikuwa na macho mawili na habari mbili, moja ikimwambia injini inakufa na nyingine ikimwambia ni nzima, na mguu wake ukaanza kuliachia pedeli. Nsajigwa akasogea karibu kabisa na dirisha, akaikodolea macho geji yake, kisha akanyoosha mkono mbele: nenda. Akaenda. Alipanda hadi kileleni bila kupunguza, mshale wa ndani ukilala chini muda wote, na injini haikulalamika. Kule juu alishuka garini akaketi chini kwenye majani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akakaa bila kuinuka.

Sasa ilijulikana kwa hakika kwamba oili ipo na mshale unasema uongo. Lakini kujua hakukutosha. Wakaguzi wa mbio hawaruhusu gari lenye geji mbovu, wala hawaruhusu mpira wa oili ya moto kupitishwa nje ya boneti. Na Atuganile mwenyewe aliwaza: siku oili itakapokwisha kweli, nani ataniambia?

Kazi ikamrudia Lusajo. Alichomoa waya kwenye swichi akaugusisha kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka hadi juu, na hapo akajua kwamba geji ya ndani ni nzima. Swichi ilikuwa mpya. Waya aliupitisha vidoleni wote, haukuwa na mchubuko. Kila kitu kilikuwa kizima, na bado mshale ulianguka. Mtu mwingine angekata tamaa au angevunja kitu. Lusajo alilala chali chini ya dashibodi akijiuliza swali moja tu: kwa nini mlimani? Atuganile alikuwa akipita na kupita kando ya miguu yake, akiuliza kila mara kama ameona kitu, mpaka akaombwa aingie ndani, akanyage breki, atie gia na aachie klachi kidogo, kama anayetaka kupanda.

Lusajo akaenda kuinamia injini, boneti ikiwa wazi, na Atuganile akawa anamsomea mshale. Injini ilipovuta, iliegemea upande mmoja. Ikiegemea, ule waya ulinyooka. Ukinyooka, mshale ulianguka. Lusajo akaupasua waya kwa wembe. Ganda lilikuwa zima, lakini shaba ya ndani ilikuwa imekatika, ncha mbili zikigusana gari likiwa tulivu na kuachana likikaza. Akaweka waya mpya, mrefu kidogo ili usivutike. Kesho yake Atuganile akapanda mlima, na mshale ukasimama katikati kutoka chini hadi juu.

Siku ya mbio ikafika. Watu walijaa kandokando ya barabara wakiwa wamejifunika mablanketi, maana kulikuwa na baridi. Gari la kijani lilisimama kwenye foleni, Atuganile amevaa kofia yake ngumu, na ya pili, ya abiria, ameipakata. Watatu wale walikuwa kando ya mlango wa kushoto, na kila mmoja, maana ahadi ile ilikuwa imeenea mji mzima, alikuwa amekuja na koti.

Subilaga alizungumza kwanza, kwa upole. Alisema kama si yeye, leo injini ingekuwa vipande ndani ya karai. Kisha akaongeza kwamba kiti kile alikikalia akiwa msichana, na macho yake hayatamngoja mwaka mwingine.

Nsajigwa alisema masikio ya shangazi anayaheshimu, lakini Atuganile hakutulia kwa masikio, alitulia kule kileleni kwa kipimo, na yeye mwenyewe alimwona akikaa kwenye majani. Akatazama pua ya gari aliyoiosha miaka yote.

"Gari sikudai," alimwambia dada yake. "Nadai kiti."

Lusajo alikuwa wa mwisho, na aliona haya kusema mbele ya watu wa familia. Alisema wao wawili walimhakikishia dada Atu kwamba injini ni nzima, lakini ahadi ilihusu mshale, na mshale haukusimama mpaka alipoushika yeye. Bila waya ule, wakaguzi wangelirudisha gari nyumbani. Alisema hayo akatazama chini.

Atuganile aliwasikiliza wote. Alikuwa ameahidi kiti kwa atakayemtuliza, na kila mmoja alikuwa amemtuliza, na sasa kwa sababu yao hakuwa na utulivu hata kidogo. Gari lililokuwa mbele yake likaondoka. Mwanzishaji wa mbio akamwashiria asogee kwenye mstari na kumwonyesha kidole kiti kitupu. Mshale wa oili ulikuwa katikati, umetulia tuli. Atuganile akaunyoosha mkono wenye kofia nje ya dirisha la kushoto, na mikono mitatu ikanyooshwa kuipokea.

Nami naishia hapo, kwa sababu mwanzishaji ameshainua bendera na hawezi kuishikilia hewani siku nzima. Aliyeiokoa injini isifunguliwe, aliyethibitisha kwamba ni nzima, na aliyeufanya mshale useme kweli: je, wewe uliyenisikiliza, kofia ile ungemwachia nani?