Mama Ndiye Huhama

Nyuki wakigawana, mama ndiye huhama. Mmeisikia leo kanisani mkatazamana na kuchekana, mkadhani shemasi amechanganya ibada na soko la asali. Haya, mliouliza imetoka wapi, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Pale Igombola, huku kwetu kwenye misitu ya miombo, palikuwa na mwinjilisti jina lake Mihayo Kasanda. Kanisa lile alilianza yeye na mkewe Kabula, watu wawili na mkeka mmoja, na baada ya miaka ishirini na miwili lilikuwa na kuta za matofali na kwaya mbili. Mihayo alimjua kila mtu, na mbwa wa kila mtu. Alilipenda kanisa lile, na tusifichane, alipenda pia kusimama mbele yake.

Sasa, ng'ambo ya msitu, mwendo wa saa tano kwa miguu, kulikuwa na kijiji cha Usimba. Watu wa huko waliomba wafunguliwe kanisa, na Mihayo akakubali kwa moyo mweupe. Lakini angalieni alivyofanya. Mwimbaji anayewapoteza wenzake sauti, Usimba. Benchi lililovunjika mguu, Usimba. Na wa kuongoza akampeleka Elikana, kijana wa miaka ishirini na mmoja ambaye alikuwa hajaongoza hata mazishi ya mtu mmoja. Wazee wa kanisa hawakuona kosa. Walisema samaki hukunjwa angali mbichi, kijana akakomalie huko huko.

Elikana alirudi baada ya miezi miwili. Akapelekwa tena, akarudi tena. Si kwamba watu wa Usimba walimtukana, la. Walimwuliza tu maswali ya watu wazima: mwenye wake wawili akitaka kubatizwa aambiwe nini, kibanda cha matambiko cha babu kivunjwe au kiachwe. Kijana hakuyaweza, akafunga mzigo wake. Na mara hiyo ya pili, akiwa amekimbilia nyumbani, alifariki mama mmoja wa Usimba aliyeitwa Nyamizi, wa kwanza kabisa kuamini kule. Alizikwa bila wimbo, bila sala. Habari ilipofika Igombola, Mihayo alishindwa kula. Ilimuuma zaidi kwa sababu alikuwa ameshaanza kutafuta kijana mwingine wa kumpeleka, na kifo kikamtangulia.

Asubuhi moja akaingia msituni kumtafuta Lusotola, mrina asali na mzee wa kanisa, ili amwombe amruhusu mwanawe wa mwisho aende Usimba. Alimkuta amesimama na mzinga mtupu, anatazama kundi la nyuki lililoning'inia kwenye tawi la chini, limetulia. Lusotola hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwashiria asogee.

"Hawa wametoka kwenye mzinga ule pale," alisema. "Wamejaa, wakagawana. Unadhani aliyetoka nao ni nani?"

"Malkia mpya, bila shaka. Mtoto anakwenda kuanza maisha."

"Ndivyo wanavyodhani wasiorina." Lusotola akawatenga nyuki taratibu kwa unyoya wa kuku, mpaka akaonekana mmoja mrefu, mabawa yamechakaa nchani. "Mtazame mama yao alivyozeeka. Nyuki wakigawana, mama ndiye huhama. Mtoto huachiwa nyumba yenye asali na walezi, maana hajajua kitu. Kwenye mti mtupu anakwenda anayejua."

 Mihayo akauliza kwa sauti ya chini, "Na nikiondoka, Igombola ikafa?"

"Ikifa kwa sababu umeondoka, mwinjilisti, basi miaka yote hii ulikuwa hujengi kanisa. Ulikuwa unajijenga wewe."

Ukweli mchungu huo! Mihayo alirudi nyumbani hakumsalimia mtu njiani, na siku mbili nzima alikasirika. Siku ya tatu akamwambia Kabula afunge vyombo. Kabula akamjibu kwamba alishavifunga tangu msiba wa Nyamizi, alikuwa anamsubiri yeye tu.

Jumapili iliyofuata alimwekea Elikana mikono mbele ya watu wote, akamkabidhi Igombola, akachukua waimbaji sita, safari hii wale wazuri, wakaondoka. Wengi walilia, na baadhi walimwambia usoni kwamba anaua kanisa. Usimba walipokelewa na watu kumi na mmoja kwenye kibanda cha nyasi. Kabla ya kukaa walikwenda kaburini kwa Nyamizi, wakaimba wimbo aliokosa.

Miaka minne Mihayo hakukanyaga Igombola. Alijizuia, akijua kwamba akionekana tu, watu watamkimbilia yeye wamwache Elikana. Lakini hofu haikumtoka. Mwaka wa tano akaenda bila kutoa taarifa. Alikuta ibada imeanza, kanisa limejaa hadi barazani, na mbele anahubiri binti mmoja asiyemjua. Elikana hayupo. Mihayo akasema moyoni kwamba kijana ametoroka tena. Mlangoni alisimama mama wa zamu, naye mgeni kwake; Mihayo akamwuliza Elikana yuko wapi.

Mama yule akamsogezea nafasi kwenye benchi la nyuma, akainama kumnong'oneza.

"Elikana tulimsindikiza Kasoli baada ya mavuno, ameanza kanisa huko. Tulitaka kumtuma kijana mdogo, yeye akakataa, akaenda mwenyewe. Hapa kwetu, baba, tuna msemo: nyuki wakigawana, mama ndiye huhama."

Mihayo hakumwambia yeye ni nani. Alikaa pale nyuma, akalia kwa furaha mpaka ibada ikaisha.