Jumbe Kiboko Anywa Maji ya Chini

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika, wakalea na wakazika kama sisi, paliondokea Pimbi mmoja, jina lake Kidawa. Sogeeni karibu, watoto. Habari hii ina mahali pa kucheka, lakini mimi mwenyewe kila nikiisimulia hukasirika.

Kidawa alikuwa mdogo, angeenea kwenye kikapu cha sokoni. Aliishi bondeni na wadogo wenzake: digidigi, nguchiro na kanga. Maji yao yalitoka mlimani, kwenye chemchemi, yakashuka kwa kijito mpaka kwenye bwawa lao la chini.

Huko juu, kwenye jicho la chemchemi, alikaa Jumbe Kiboko na wakubwa wenzake. Walikunywa hapo, wakaoga hapo, kisha... mnajua. Choo hawakuwa nacho. Kiboko alisimama katikati ya maji, akazungusha mkia, pata pata pata! Uchafu ukaruka huku na huku, ukashuka na maji mpaka kwenye mitungi ya watu wa chini.

Msimu mmoja wa kiangazi, maji yalipopungua, watoto wa bondeni wakaanza kuhara. Wakafa wawili wa Kanga. Akafa mmoja wa Nguchiro. Kisha akaugua Sikitu, binti wa Kidawa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kupanda mawe. Asubuhi alilalamika tumbo. Jioni macho yalikuwa yamezama. Kesho yake adhuhuri alikata roho mikononi mwa mama yake, huku akiomba maji. Na maji yaliyokuwamo nyumbani yalikuwa yale yale.

Walipokwisha kuzika, Kidawa hakukaa matangani. Alijifunga kibwebwe, akapanda mlima.

"Hodi!"

"Nani wewe?" Nyati, askari wa Jumbe, akamzibia njia.

"Kidawa wa bondeni. Namtaka Jumbe."

Kiboko alikuwa amezama mpaka puani. "Sema upesi, nataka kulala."

"Jumbe, nimetoka kumzika mwanangu. Ni wa nne huyo. Mnakunya kwenye maji tunayokunywa! Chimbeni vyoo. Sisi pimbi, na udogo wetu huu, ukoo mzima tuna mahali pamoja pa kwenda haja, mbali na maji. Ninyi mnashindwa nini?"

Kiboko akacheka. "Hoo hoo hoo! Maji yakitembea yanajisafisha yenyewe. Watoto wenu wanakufa kwa sababu ni dhaifu. Zaeni wengine."

Akageuka, akainua mkia mbele ya mama wa marehemu. Pata pata pata!

Kidawa alishuka mlima bila kupumzika njiani. Alipofika bondeni aliwaita majirani.

"Twende tukamwombe tena," alisema Digidigi, mpole yule. "Safari hii kwa adabu zaidi."

"Adabu!" Kidawa aling'aka. "Nimeomba, nikajibiwa na mkia. Yule hajali mtoto wa mtu, Digidigi. Anajali tumbo lake. Basi sasa tutazungumza na tumbo."

Kuanzia siku ile hakuna mtu wa bondeni aliyekunywa maji ya bwawa bila kuyachemsha. Sufuria zikakaa motoni kutwa, maji yakatokota, bwata bwata, yakapoa, yakafunikwa. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, kuni zikatafutwa mbali. Lakini watoto waliacha kuhara. Mashavu yakajaa, manyoya yakang'aa.

Ndipo Kidawa akawapaka mafuta, akawapa ngoma, akawapitisha pembeni mwa chemchemi. Ndu ndu ndu! Wanaruka, wanacheka.

Kiboko akatoa kichwa majini. "We Pimbi! Watoto hawa mbona wamenenepa hivi?"

"Ni yale maji ya..." Kidawa akajipiga mdomoni. "Ala! Ulimi wangu huu!"

"Maji ya nini? Sema, ama nikukanyage!"

"Nisamehe, Jumbe. Maji ya chini. Yakitoka huku kwako ni mepesi, hayana kitu. Yakifika kwetu yamekolea, mazito kama mchuzi. Ukinywa, mwili wote unajaa."

"Mwongo! Juzi si ulikuja kunililia hapa?"

"Nililia ili... ili usije ukashuka ukatunyang'anya."

"Wezi wakubwa!" Kiboko alinguruma mpaka maji yakachafuka. "Kumbe mnanenepa kwa jasho langu! Kuanzia leo bwawa la chini ni langu. Ninyi mje huku, mnywe haya mepesi."

Kidawa akaangua kilio. Hakuhitaji kuigiza. Alikuwa nacho kifuani tangu siku ya mazishi. "Kesho utatufukuza na huku pia!"

"Huku nirudi kufanya nini? Naapa mbele ya wote: nikikanyaga tena chemchemi hii, meno yangu yang'oke na ujumbe nivuliwe!"

Tembo alisikia. Ngiri alisikia. Wote walisikia.

Wakubwa wakashuka, gudu gudu gudu. Nyati aliinamia bwawa, akakunja pua. "Jumbe, yananuka."

"Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Kunywa!"

Gulu gulu gulu. Wakanywa, wakaoga, wakainua mikia mle mle kama walivyozoea.

Huko juu wadogo walikuwa wakichimba vyoo, mbali kabisa na chemchemi, na kuizungushia ua wa miiba. Nguchiro akatupa jembe chini.

"Kidawa, na sisi tukunye humu! Yawashukie. Waonje!"

Wote wakamtazama Kidawa.

"Hata mimi natamani," alisema. "Natamani mpaka meno yananiuma. Lakini Kiboko ana mtoto kule chini, na mtoto yule hajanikosea. Sitamfanyia mama yake nilivyofanyiwa mimi. Bwawa lina uchafu wao wa kutosha. Shika jembe."

Siku ya tatu, kishindo kikasikika bondeni. Buruuuu! Prrrrr! Tembo huyo kichakani. Ngiri huyo. Nyati hakufika hata kichakani.

Siku ya tano Jumbe Kiboko alipanda mlima akijikokota, ngozi imelegea kama gunia tupu. Nyuma yake alikuwa Nyati, na nyuma ya Nyati, Mama Kiboko na mwanawe mgongoni, shingo imelala.

"Mchawi!" Kiboko alifoka. "Umeturoga!"

Kidawa alisimama mbele ya ua. "Sijakuroga. Umekunywa mavi yako."

Kiboko akageuka kulitazama bwawa kule chini.

"Ndiyo, yako! Ndiyo tuliyokunywa sisi mwaka hadi mwaka. Uliniambia maji yakitembea yanajisafisha. Uliniambia wangu alikufa kwa udhaifu. Na wewe je, dhaifu? Tembo dhaifu?"

"Ondoka hapo! Nyati, vunja ua huo!"

Nyati akainamisha pembe, akapiga hatua moja. Prrrrr! Akageuka, akatoka mbio na mkia juu, na wadogo wote wakaangua kicheko.

Kidawa hakucheka. "Uliapa, Jumbe. Wote walisikia."

Kiboko akafumbua kinywa, lakini mkewe alimsukuma kando. "Nyamaza wewe! Ulijua watoto wao wanakufa? Alikuja akakwambia?"

Kiboko akaitikia kwa kichwa.

"Alikuja akakwambia, ukarudi kulala!"

Kidawa akaingia ndani ya ua, akatoka na kibuyu cha maji yaliyochemshwa, ametia asali na chumvi kidogo. "Mpe kidogo kidogo," alimwambia Mama Kiboko. "Akitapika, subiri, umpe tena. Usiache." Kufika magharibi mtoto aliinua shingo.

Kesho yake Jumbe Kiboko alichimba. Alichimba kwa meno yake yale makubwa, mashimo ya vyoo ya ukoo wake wote, mbali na kijito, huku mkewe amesimama kando akimhesabia hatua. Kisha wakalifungua bwawa, wakazoa tope lote, na maji safi ya juu yakalijaza upya. Ujumbe alivuliwa na wenzake waliosikia kiapo chake. Chemchemi ilibaki ndani ya ua wa Kidawa, na wakubwa kwa wadogo walipanga foleni moja na mitungi yao.

Je, Kidawa alimsamehe? Nisiwadanganye, watoto. Hakumsamehe. Kila alipopita kaburini kwa Sikitu alikunja ngumi. Lakini hakuna mtoto mwingine aliyezikwa kwa sababu ya maji yale.

Nanyi shikeni hili moja: maji unayoyachafua wewe, mtoto wa mwenzako ndiye atakayeyanywa.