Fundi wa Programu na Neno "Naomba"

Ndugu zangu, nipeni masikio yenu kidogo. Kulikuwa na fundi mmoja wa programu za kompyuta, hodari kweli, aliyeombwa na hospitali ndogo ya bonde la mpunga aitengenezee programu ya stoo ya dawa. Akaitengeneza. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Unaandika jina lake, "stoo", kisha neno la amri na jina la dawa, nayo inakuambia dawa iko friji ipi na kupunguza idadi.

Ila maneno ya amri aliyachagua yeye, peke yake, ofisini kwake mjini. Kutoa dawa ilikuwa "tdx". Kupokea, "pdk". Aliyaona mafupi na mazuri.

Asubuhi moja akaletwa mvunaji aliyeumwa na nyoka kifundoni. Nesi wa zamu, Mama Tusekile, akakimbilia kompyuta. Akaandika "stoo toa" na jina la dawa. Ikajibu: amri haijulikani. Akajaribu neno jingine. Haijulikani. Mwishowe akaiacha, akafungua friji zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, akaipata dawa katika ya tano. Mgonjwa akapona, Mungu ni mwema.

Wiki iliyofuata fundi akaja, uso ameukunja.

"Mama, idadi iliyomo kwenye kompyuta hailingani na friji. Kwa nini hukufuata mwongozo? Nimewaandikia kurasa kumi na mbili!"

"Mwanangu, mguu wa mtu ulikuwa unavimba mbele yangu. Ningesoma saa ngapi?" Akatoa karatasi mfukoni. "Maneno niliyojaribu siku ile nimekuandikia haya hapa."

Fundi akasoma. Toa. Nipe. Leta. Chukua. Na chini kabisa: naomba.

Alivuta kiti, akakaa pale stoo siku tatu akiwasikiliza wauguzi wanavyosema wakiwa kazini. Alipoondoka, programu ilielewa toa, pokea, tafuta. Ukikosea herufi, inakuuliza kwa upole, "Ulitaka kusema toa?" Mama Tusekile alipoijaribu alicheka mpaka machozi. Hadi leo wanaitumia kwa raha, na mwongozo hakuna anayejua ulipo.

Sasa niwaulize: mnadhani nimekuja kuwafundisha kompyuta? Naona mnatabasamu, mnamhurumia yule fundi. Ndugu zangu, fundi ni sisi. Nani alichagua maneno tunayotaka mtu ayajue kabla hatujampokea humu kanisani? Bwana aliyadai lini?

Jumapili iliyopita dada mmoja alisimama mlangoni pale. Hakujua asalimie vipi wala akae upande gani. Wazee wa kanisa walikuwapo watatu, na mimi mhubiri wenu wa nne. Tulimtazama tu. Akageuka, akaenda zake.

Nimeulizia anakoishi. Ni nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Tukitoka hapa naenda kumsalimia. Nani atafuatana nami?